Akihabara: Soko la Redio, na Sanduku Lisilofunguliwa

Safari yetu ya juma hili ni ya mbali. Twakwenda Japani, katika mji mkuu wa Tokyo, kwenye mtaa uitwao Akihabara. Ukiwa stesheni kuu ya Tokyo, panda garimoshi la mjini la njia ya Yamanote. Stesheni ya kwanza ni Kanda, ya pili ndiyo Akihabara. Ni mwendo wa dakika chache tu. Lakini kabla ya kushuka, shika vizuri mfuko wako wa fedha, si kwa kuogopa wezi, bali kwa kujiogopa wewe mwenyewe. Maana hapa ni mahali ambapo watu wazima wenye akili zao hutoa fedha nyingi kununua sanduku la karatasi, wakaenda nalo nyumbani, wala wasithubutu kulifungua.

Jina la mtaa huu lina habari ya moto ndani yake. Mwaka 1869 moto mkubwa uliteketeza nyumba nyingi za mahali hapa. Serikali ikaamua kuacha uwanja mtupu, ili moto ukitokea tena usipate njia ya kuruka, na mwaka uliofuata pakajengwa hekalu dogo la kuombea kinga ya moto. Watu wakalidhania kuwa ni la Akiba, ambaye kwa desturi ya Wajapani ndiye mkinga moto, wakauita uwanja ule uwanja wa Akiba. Ndipo lilipotoka jina Akihabara. Reli ya mizigo ilifika mwaka 1890, na abiria walianza kushukia hapa mwaka 1925. Mwaka huo huo sauti ya kwanza ya matangazo ya redio ilisikika Tokyo.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Tokyo ilikuwa majivu. Watu walitaka habari, walitaka nyimbo, lakini redio mpya hazikupatikana. Karibu na hapo, upande wa Kanda, palikuwa na shule ya umeme. Wanafunzi wake waliunda redio kwa mikono yao na kuziuza, na wachuuzi wakapanga kando ya barabara valvu na nyaya, vingine vikiwa vimetoka katika maghala ya majeshi. Mwaka 1949 wakuu wa majeshi ya Marekani, waliokuwa wakiitawala Japani wakati ule, waliamuru vibanda vyote vya barabarani viondolewe. Wachuuzi wa redio hawakutawanyika. Walipata nafasi chini ya madaraja ya reli, wakahamia huko na vipuri vyao.

Hata leo waweza kuingia katika soko liitwalo Radio Center, chini ya reli ya Sobu, ukaona jinsi lilivyo. Njia ni nyembamba, watu wawili wapishana kwa kuombana radhi. Vibanda ni vidogo, vingine havipiti upana wa kitanda, na mwenye duka amekaa katikati akizungukwa na visanduku vya swichi, plagi, waya, taa ndogo na vipuri vidogo kama punje za mtama. Garimoshi lipitapo juu ya kichwa, dari lote launguruma. Jirani yake, lile lililoitwa Radio Store, lilifungwa mwaka 2013, kwa kuwa dunia imebadilika na wanunuzi wa vipuri wamepungua. Mtaa wenyewe umegeuka mara nyingi: kwanza redio, kisha mafriji na televisheni, kisha kompyuta, na siku hizi vitabu vya katuni na sanamu zake. Lakini redio haikuondoka kabisa.

Sasa basi, twende kwenye maduka yanayouza vyombo vya muziki vya zamani. Ukipanda ngazi za majengo mengine ya mtaa huu utakuta gramafoni, amplifaya, tepurekoda na spika zimepangwa kama vikombe kabatini. Vingi vimetumika, na bei zake ni za kiasi. Lakini mahali pa heshima, nyuma ya kioo, kipo kimoja ndani ya sanduku lake la kiwandani, na juu yake kibandiko chenye neno mishiyohin, yaani kitu kisichotumika. Hapo bei yaruka kama panzi. Chombo kile kile kilichotumika chauzwa fungu moja. Hiki cha sandukuni chauzwa mafungu matatu, manne, au zaidi.

Kwa nini watu hulipa? Tuchukue mfano mmoja. Tarehe 1 Julai 1979 kampuni ya Sony ilianza kuuza kinanda kidogo cha kanda kiitwacho Walkman, namba yake TPS-L2, kwa yen 33,000. Ilikuwa mara ya kwanza kijana wa Tokyo kutembea njiani na muziki wake masikioni bila kumsumbua jirani. Vijana wale leo ni wazee. Tena mwaka 2014 kinanda hicho kilionekana katika filamu moja ya Marekani iliyopendwa sana, na watu ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1979 wakaanza kukitafuta. Vilivyobaki ni vichache, wanaovitaka ni wengi, na vilivyobaki katika sanduku ni vichache zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya bei, wala hakuna uchawi.

Na sisi wa Afrika Mashariki tusiwacheke. Nyumba ngapi kwetu zilikuwa na redio ya National, ile iliyowekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa kilichofumwa na mama? Kampuni ya Matsushita, yenye jina hilo la National, ilikuwa na kiwanda chake Dar es Salaam tangu miaka ya 1960, kikitengeneza redio na betri. Mtu aliyesikia sauti ya marehemu baba yake ikiamuru, “Nyamazeni, nataka taarifa ya habari,” akiiona redio ile ile ikiwa mpya kabisa dukani, moyo wake hauulizi bei.

Kwa hiyo, msomaji, sikiliza sasa jambo ambalo mwenye duka hana haraka ya kukueleza. Kitu kisichotumika si kitu kisichozeeka.

Wewe mwenyewe wajua jambo hili. Nyumba iliyofungwa miaka kumi bila mtu huharibika upesi kuliko nyumba yenye watoto watano. Cherehani iliyofungiwa stoo hukwama. Baiskeli iliyoning'inizwa darini mipira yake hupasuka, ingawa haikukanyaga jiwe hata moja. Vivyo hivyo chombo cha muziki katika sanduku.

Tuanze na mpira. Ndani ya tepurekoda, na ndani ya gramafoni nyingi, mota huzungusha magurudumu kwa mkanda wa mpira. Baada ya miaka thelathini au arobaini mkanda huo ama umelegea, ama umekauka na kukatika, ama umeyeyuka ukawa uji mweusi kama lami, ukashika kila kitu kilicho karibu. Fundi atatumia saa nzima kusafisha kabla hajaweka mkanda mwingine. Grisi nayo, iliyokuwa laini siku ya kutoka kiwandani, hugeuka kuwa gundi, na vipande vilivyotakiwa kuteleza hushikana.

Spika je? Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina ukingo wa sponji kuzunguka ile karatasi inayotoa sauti. Hewa na unyevu hula sponji hiyo pole pole, ipigwe ngoma au isipigwe. Mwenye spika zisizotumika hufungua sanduku kwa shangwe, akagusa ukingo kwa kidole, nao ukaanguka kama keki kavu. Na kama kiwanda kiliweka betri ndani pamoja na chombo, basi dawa yake huenda imevuja na kula shaba.

Lakini la hatari kuliko yote ni kipuri kimoja kidogo, chenye umbo la pipa, kiitwacho kapasita. Ndani yake mna karatasi nyembamba ya alumini iliyokunjwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa dawa. Juu ya alumini pana ngozi nyembamba mno, nayo ndiyo izuiayo umeme usipite mahali pasipotakiwa. Ngozi hiyo hutengenezwa kwa umeme, na hutunzwa kwa umeme. Chombo kitumikacho kila juma huitunza. Chombo kikaacho sandukuni miaka arobaini huiacha inyong'onyee, na dawa nayo hukauka. Kisha siku moja mwenyewe, kwa furaha, anachomeka plagi ukutani. Umeme wapenya kwa nguvu, kapasita yapata moto, hewa yajaa ndani, na mara yapasuka. Ukiwa na bahati, wasikia mlio na kunusa harufu mbaya. Usipokuwa na bahati, transfoma nayo yaungua, na kitambaa cha mama juu ya kabati chashika moto.

Fundi mwenye ujuzi hafanyi hivyo. Hukifungua kwanza, akapima zile kapasita, akabadili zilizokufa, kisha akatumia transfoma ya kurekebisha nguvu, akipandisha volti kidogo kidogo kwa muda mrefu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji kwanza kabla ya ugali.

Hapo ndipo tunapoona mtego wenyewe. Ile bei kubwa umeilipa kwa sababu sanduku halijafunguliwa. Ukilifungua na fundi akabadili vipuri, chombo sasa kitaimba, lakini bei yake imeshuka. Si tena kile kisichoguswa. Usipolifungua, thamani yabaki, lakini hujui kilichomo, wala huwezi kusikia hata wimbo mmoja. Kwetu twasema usinunue mbuzi ndani ya gunia. Huyu amenunua mbuzi ndani ya gunia, na akifungua gunia mbuzi hupungua bei!

Si hayo tu. Mahali palipo na fedha nyingi hapakosi wajanja. Valvu za zamani ni mfano mzuri. Kusema haki, valvu ni tofauti na vipuri vingine: ndani ya kioo chake hewa imeondolewa, hivyo valvu isiyotumika yaweza kukaa miaka mingi na bado ikafanya kazi vizuri. Viwanda vingi vya Ulaya, Marekani na Japani vilivyozitengeneza vimekwisha kufungwa, na ndiyo maana zatafutwa. Lakini maandishi juu ya kioo ni wino tu. Mjanja huyafuta, akaandika jina la kiwanda kikubwa, akatia valvu katika sanduku jipya lililochapwa lionekane la kale. Vivyo hivyo mkanda wa gundi wa kufungia sanduku huweza kubandikwa tena. Kwa macho ya asiye mjuzi si rahisi kutambua.

Haya, tuseme kijana wetu amepona mitego yote hii, akarudi nyumbani na gramafoni nzuri ya Kijapani.

“Shikamoo, baba. Nimekuletea zawadi.”

“Marahaba, mwanangu. Ni nini hiki?”

“Gramafoni, baba. Haijatumika hata siku moja.”

Mzee ametabasamu, santuri zake za zamani zimetolewa chini ya kitanda, na plagi yachomekwa ukutani. Lakini umeme wa Japani ni volti 100. Wa Tanzania ni volti 230, na wa Kenya 240. Gramafoni iliyotengenezwa kwa soko la Japani, ikipewa umeme wetu bila transfoma ya kupunguza nguvu, huungua mara moja. Zawadi imekufa kabla wimbo haujaanza.

Na transfoma ikiwapo, bado kuna jambo. Japani ina namna mbili za umeme. Tokyo na upande wa mashariki wana mizunguko 50 kwa sekunde, Osaka na upande wa magharibi wana 60. Sababu ni ya kale: mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua mitambo yake Ujerumani, na Osaka ikanunua Marekani, na mpaka leo hawajapatana. Sisi tunatumia 50. Kuna gramafoni za zamani ambazo mwendo wa mota yake hufuata mizunguko hiyo. Ikiwa iliwekwa kwa umeme wa Osaka, basi kwetu santuri iliyotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika itazunguka karibu mara 28. Mwimbaji mwenye sauti nyororo atanguruma kama fahali.

Redio nayo ina shauri lake. Redio za zamani za Japani hushika FM kuanzia 76 hadi 90. Stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, mpaka 108. Kila aliyenunua gari lililotoka Japani anajua habari hii: redio yashika stesheni mbili tatu tu, nyingine zote kimya. Redio ya sandukuni iliyonunuliwa kwa bei ya ng'ombe itafanya vile vile.

Serikali ya Japani yenyewe iliwahi kusumbuka na swali la usalama wa vyombo vya kale. Sheria mpya ya vyombo vya umeme ilianza kutumika mwaka 2001, ikataka alama maalumu ya usalama, na ilipofika mwaka 2006 wenye maduka ya vitu vilivyotumika waliona ya kuwa amplifaya na vinanda vya zamani havingeweza kuuzwa tena. Wanamuziki walipiga kelele, na mmoja wao alikuwa Ryuichi Sakamoto, mtunzi mashuhuri. Mwishowe serikali ililegeza, ikaviachia vyombo vya kale vyenye thamani ya pekee. Wapenzi wa muziki walifurahi, na haki yao. Lakini ruhusa ya kuuza si ushahidi kwamba chombo ulichoshika mkononi ni kizima. Kazi ya kukipima ilibaki kwa muuzaji mwaminifu na kwa mnunuzi mwangalifu.

Je, mtu asinunue kabisa? Sisemi hivyo. Muziki ni kitu chema, na kutunza vitu vya wazee wetu ni jambo la heshima. Nasema tu kwamba yafaa mtu ajue anachonunua. Haya ni mashauri machache, nayo yatakufaa uwe Akihabara, au Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi.

Kwanza, jiulize: nataka kusikiliza, au nataka kuweka? Anayetaka kusikiliza hana haja ya sanduku. Achukue chombo kilichotumika, ambacho fundi amekifungua, amebadili mikanda na kapasita, na kinaimba mbele ya masikio yako.

Pili, soma kibandiko. Katika maduka ya Japani neno janku lina maana kwamba chombo chauzwa kama kibovu, bila dhamana yo yote. Usije ukarudi kulalamika. Maneno dosa kakunin yaonyesha ya kuwa kimejaribiwa. Lakini mishiyohin haisemi kama chafanya kazi. Yasema tu kwamba hakuna aliyekitumia.

Tatu, omba kiwashwe. Muuzaji akikataa kwa sababu sanduku litapoteza thamani, basi amekwisha kukujibu: hata yeye hajui. Mwombe dhamana ya maandishi, hata ya miezi mitatu. Akikataa na hilo, bei na ishuke, au wewe uondoke. Bei kubwa na dhamana sifuri havikai nyumba moja.

Nne, fanya hesabu yote kabla ya kutoa fedha. Ongeza gharama ya usafiri, maana amplifaya kubwa ni nzito kama gunia la mahindi. Ongeza ushuru wa forodha, transfoma, kazi ya fundi na vipuri. Ukimaliza, linganisha na bei ya chombo kipya cha leo chenye dhamana. Mara nyingi utakuta ya kuwa bei ile ya sandukuni ilikuwa nusu tu ya safari.

Tano, na hili ni la wenye familia: usiseme, “Hii ni akiba, nitaiuza kwa faida.” Bei ya vitu vya kale hupandishwa na watu wanaokumbuka ujana wao. Watu hao wakipungua, au filamu ile ikisahauliwa, bei huanguka, na hakuna benki itakayokununulia sanduku lako. Karo ya mtoto hailipwi kwa tepurekoda. Fedha ambayo nyumba haiwezi kuikosa isiingie humo.

Wahenga walituonya kwamba rahisi huzaa ghali, nasi tukadhani basi ghali huzaa nafuu. Sivyo. Ghali nayo yaweza kuzaa ghali.

Na kama nyumbani kwako bado ipo redio ya mzee, imenyamaza juu ya kabati, usiichomeke leo jioni ili kujaribu. Ipeleke kwa fundi, mwambie, “Fundi, hii haijapata umeme miaka mingi, ifungue kwanza.” Huenda ikagharimu bei ya mikanda miwili na kapasita tano. Nayo, tofauti na ile ya nyuma ya kioo kule Tokyo, ni ile ile hasa aliyoisikiliza baba yako, yenye alama ya kidole chake kwenye kitufe.